Mdhamini wa Mpeari

Dolni Vir, Jumapili 16 Februari 2003

Dada yangu Zlatina,

Salamu zikufikie kutoka kwa nyumba nzima, yaani mimi na paka, kwa sababu Stanka amebaki mjini wikiendi hii. Anasema hawezi kuja kijijini kukaa na mume anayevaa koti ndani ya nyumba. Nikamwambia jiko la kuni linataka muda kupata joto. Akasema hata yeye. Lakini hajambo, anakusalimu, na anauliza kama ni kweli huko Segovia watu wanakula chakula cha jioni saa nne usiku, na kama ni kweli, wanalala saa ngapi.

Nimesikia mwanao Vesko amepewa lori jipya. Mwambie mjomba wake anamwombea barabara kavu.

Huku theluji imebaki nyuma ya banda tu, kipande kichafu ambacho hakuna anayekidai. Mimi bado nafanya vilevile: Ijumaa nikishatoka ofisi ya maji napanda basi, Jumapili jioni narudi mjini. Kati ya hapo sisemi na mtu, na wewe unajua ninavyosema sana nikiwa na watu. Ijumaa hii ilikuwa sikukuu ya Trifon, siku ya kupogoa mizabibu, na kesho yake nikaingia shambani na mkasi wa Baba. Bibi Dimana, jirani yetu, alisimama kwenye uzio akanitazama ninavyokata.

“Radko,” akasema, “unapogoa au unalipiza kisasi?”

Usicheke. Mtu aliyekaa miaka yote hii anagonga mihuri, mkono wake unajua kushuka tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae mezani. Siku ya Krismasi uliniambia kwenye simu niukate mpeari ulio mbele ya nyumba. Nikasema siukati. Ukaweka simu chini. Nimengoja upige, hukupiga. Stanka anasema nipige mimi, lakini kwenye simu unanishinda, una sauti ya Mama. Kwa barua angalau utanivumilia mpaka chini ya ukurasa.

Jibu langu ni lilelile. Siukati. Najua Baba alianguka kutoka kwenye mti huo akafa. Mimi ndiye niliyemwokota. Lakini Baba huyohuyo ndiye aliyeupanda, na mimi Jumamosi yangu naipitisha chini yake, na sina Jumamosi nyingine.

Ila nakubali jambo moja: tangu Baba afariki haujazaa. Unachanua vizuri, unapukutisha maua, basi. Kwa hiyo sikukuu ya Blagovets ikifika, mwezi wa tatu, nitautisha kwa shoka kama Baba alivyoutisha ule mplamu wa pembeni. Unakumbuka. Yeye anainua shoka, anasema, “Nitakukata, huna faida.” Mama anatoka jikoni mbio na unga mikononi: “Usiukate, mimi naudhamini, mwaka huu utazaa.” Na sisi wawili kwenye ngazi za mlangoni tunaogopa kana kwamba ni kweli.

Shoka ninalo. Mdhamini sina. Stanka ni mtu wa mjini, anasema atacheka katikati. Lazima awe mtu wa nyumba hii, na nyumba hii imebaki na mimi na wewe. Niandikie maneno ya udhamini kwa mkono wako. Nitayasoma mbele ya mti kwa sauti, Bibi Dimana awe shahidi.

Mdogo wako,
Radko


Segovia, Jumapili 2 Machi 2003

Radko,

Barua yako imefika, imekunjwa kama leso, nikajua uliitembeza mfukoni kabla ya kuipeleka posta. Mimi mzima. Vesko mzima, lori lake si jipya, limepakwa rangi. Doña Eutimia, yule bibi ninayemtunza, ni mzima kuliko sisi wote. Jana alinifukuza kazi asubuhi, akanifukuza tena mchana, na jioni akaniomba nimchane nywele. Mwambie wifi yangu: ndiyo, saa nne usiku, na hawalali.

Wewe una wikiendi. Mimi nina Jumapili kuanzia baada ya chakula cha mchana. Tunakaa kwenye benchi, wanawake wa kwetu, tunatafuna mbegu za alizeti mpaka askari wa manispaa anatuonyesha maganda kwa kidole. Hiyo ndiyo bustani yangu. Juzi mlozi mmoja karibu na benchi ulichanua, Rositsa wa kutoka Pleven akaanza kulia, tukamwambia anyamaze au ahame benchi.

Kuhusu mti. Sikuandikii udhamini. Kama nina nafasi katika mchezo huo, basi mimi ni shoka.

Unasema wewe ndiye uliyemwokota. Ndiyo, na kwa kuwa ulimwokota, kwako jambo liliisha siku ile; ukaweza kukaa chini ya mti na kahawa yako. Mimi nilikuwa mbali, bila karatasi za kukaa hapa wala za kutoka hapa, sikuja hata kumzika. Kwangu mti huo haujaacha kumwangusha. Kila nikifumba macho yuko juu.

Na unajua alipanda kufuata nini. Usinifanye niandike.

Ukate. Panda mcheri, panda viazi, jenga choo. Mimi siukanyagi ua huo mti ukiwa umesimama.

Dada yako,
Zlatina


Dolni Vir, Jumapili 30 Machi 2003

Dada Zlatina,

Tunashukuru tuko wazima, ingawa kwa Bibi Dimana ilibaki kidogo, nitakueleza. Stanka amekuja wikiendi hii na ametoa mazulia yote nje, anayapiga kana kwamba yamemjibu vibaya. Korongo wamerudi kwenye nguzo ya umeme. Vitunguu vimetoka. Mstari wangu umepinda. Stanka anasema unafanana na saini yangu.

Nimechelewa kujibu. Barua yako nimekaa nayo kwenye koti, nikiitoa naona lile neno kuhusu choo, nairudisha.

Hukutaka kudhamini, sawa. Nikaamua kufanya bila wewe. Siku ya Blagovets ilikuwa Jumanne, nikaomba ruhusa kazini. Mkuu wangu akauliza sababu. Nikasema ni shughuli ya kifamilia. Nikasita kumwambia kwamba ni kwenda kutishia mti.

Bibi Dimana tangu alfajiri alikuwa anachoma majani na kugonga sufuria kuzunguka ua kufukuza nyoka, desturi ya siku hiyo. Nikamwita. Akaja na kitambaa chake cha kanisani kichwani, amebeba fimbo.

“Nani mdhamini?” akauliza.

“Wewe.”

“Mimi si wa nyumba hii.”

“Umechungulia kwenye nyumba hii miaka hamsini.”

Akafikiri. “Ni kweli,” akasema. “Haya, tisha.”

Nikainua shoka. Mpini ulikuwa umekauka tangu wakati wa Baba. Mpini ukabaki mikononi mwangu, kichwa kikaendelea na safari. Kilipita juu ya Bibi Dimana kikaangukia vitunguu vyake. Kuku walitawanyika. Yeye akaweka kitambaa sawa.

“Mti umeogopa,” akasema. “Hata mimi. Kachukue nyundo.”

Nikakigongomea kichwa, nikarudi, nikainua kwa adabu, nikasema maneno ya Baba yote. Zamu yake ikafika. Akasogea, akafungua mdomo, halafu akavaa miwani.

“Radko. Hii nini?”

“Karatasi ya kumbukumbu ya Baba. Ile ya picha, ya siku arobaini.”

“Naona ni baba yako, nilimjua kabla hujazaliwa. Nauliza inafanya nini kwenye mti.”

“Langoni upepo uliichana. Nikaipigilia hapa.”

“Na hii nailoni?”

“Isilowe.”

Dada, alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyetia chumvi kwenye kahawa ya wageni. “Karatasi ya marehemu,” akasema, “tunaibandika, mvua inanyesha, jua linawaka, siku moja haipo, na mtu anapumua. Wewe umeifunika. Umeupigilia mti huu msiba kwa misumari, ukaufungia msiba usiishe, halafu unauuliza kwa nini hauzai. Nikikuvalisha nguo nyeusi mchana na usiku, utacheza?”

“Basi naing'oa.”

“Umng'oe baba yako kwa mkono? Jaribu.” Akachukua fimbo yake. “Mimi simdhamini mfiwa,” akasema, akaenda zake, akipitia vitunguu vyake kuvihesabu.

Kwa hiyo karatasi bado ipo, nailoni ipo, nami Jumamosi yote nilikaa nimegeuzia mti mgongo.

Sasa kuna lile ulilosema nisikufanye uliandike. Nitaliandika mimi. Uliandika mwaka ule kwamba unatamani peari za nyumbani, nasi tukaahidi kukutumia kreti kwa dereva wa basi. Unaamini Baba alipanda kwa ajili ya kreti yako. Siyo. Kreti ilikuwa imeshajaa tangu jana yake, nimeifunga mimi, misumari nimeipiga mimi. Alipanda kufuata zile za kileleni, kwa sababu ndege walikuwa wameanza kuzidonoa, wale kwezi weusi. Nilimwambia, “Baba, waachie, hizo ni zao.” Akasema, “Kwezi hawakupanda mti huu.” Akaegesha ngazi. Sikusikia neno lingine kutoka kwake.

Peari zako tulizigawa kwenye mazishi, watu wakala kwa ajili ya roho yake. Uliza yeyote.

Mti siukati.

Radko


Segovia, Jumatano 9 Aprili 2003

Radko,

Salamu kwa wifi, mwambie mazulia yapigwe upande wa nyuma kwanza. Huku kuna baridi tena, na Doña Eutimia hataki soksi.

Ulichukua uso wa Baba ukaupigilia kwenye mti uliomuua, halafu ukamvalisha nailoni. Nimesoma barua hiyo jikoni. Bibi akaita kutoka kitandani anauliza nacheka nini. Sikuwa nacheka. Halafu nikawa nacheka. Sijui jina la kitu hicho.

Kuhusu kreti: wewe hujawahi kusema uongo ukasimama. Ulipovunja dirisha la shule ulimwambia mwalimu ni mvua ya mawe, tena Juni. Lakini hili ni jambo ambalo hata wewe ungejifunza uongo kwa ajili yake, kwa hiyo sikuamini wala sikukatai. Nitauliza.

Karatasi zangu za ukaazi zilitoka Januari. Sikukwambia kwa sababu ungesema nije. Sasa nasema mwenyewe: nakuja kwa Pasaka, kwa basi. Vesko atakaa na bibi.

Usiguse ile picha. Usiguse mti. Noa shoka, uutengeneze na mpini, siji na nyundo. Na usijidanganye kwamba nakuja kutisha.

Zlatina


Dolni Vir, Jumapili 20 Aprili 2003

Dada Zlatina,

Sisi wazima. Barua hii pengine itapishana nawe mahali fulani Italia, wewe ukilala na shingo imepinda, yenyewe imenyooka ndani ya gunia. Naiandika hivyohivyo, nisije nikasema baadaye kwamba sikukuonya.

Shoka nimelinoa. Nimekata mpini mpya wa mti mgumu, na nimeliloweka kwenye ndoo ili kichwa kikaze. Stanka akaniuliza kwa nini namnolea shoka mtu anayekuja kukata mti wangu. Nikasema dada yangu ameagiza. Akasema, “Nyinyi wawili mngeishi mlango mmoja mngekuwa mmeuana, halafu kila mmoja angemfulia mwenzake shuka.”

Lakini ujue hili. Ukiliinua, mdhamini ni mimi. Nitasimama kati yako na mti, nitasema maneno yote kama yalivyo, na sitoki. Nimenenepa tangu unione mara ya mwisho. Sipiti pembeni kwa urahisi. Kwa hiyo ulenge vizuri.

Mpeari umeanza kuchanua. Sikuuamuru.

Radko


Segovia, Jumapili 11 Mei 2003

Radko,

Nilifika salama, miguu imevimba kama mkate. Barua yako ya onyo nimeikuta chini ya mlango niliporudi. Ningeisoma kabla, ningecheka kabla. Doña Eutimia alinifukuza kwa kosa la kuondoka, akanifukuza kwa kosa la kurudi, halafu akala mkate mtamu wa Stanka wote na mayai mawili mekundu ya Pasaka, na sasa anauliza kama wifi yangu anatafuta kazi.

Nimemwambia Stanka akueleze yaliyotokea ile Jumatatu ya Pasaka, naye amesema ataeleza kwa namna yake, ndiyo maana naandika. Wewe mwenyewe ulikuwa unalia, hukuona kitu.

Nilitoka na shoka baada ya kahawa. Mti ulikuwa mweupe mpaka chini, nyuki wanalia ndani yake kama transfoma. Baba alikuwa pale kwenye shina, nyuma ya nailoni, amevaa tai ile aliyoivaa kwenye harusi yangu, anatoa jasho. Kwa kweli, Radko. Mvuke ulikuwa umeingia ndani, ulikuwa unamtiririka usoni. Hapo ndipo niliposhika shoka kwa mikono miwili.

Ulikuja ukasimama kati yetu kama ulivyoahidi. Hiyo sikupingi. Nikainua, nikasema, “Nitakukata, huna faida.” Nilikuwa sitanii, na wewe ulijua sitanii. Nikangoja useme. Mdomo wako ulikuwa wazi, kidevu kinacheza, na halikutoka hata neno. Wewe, mtu anayemsimulia kondakta habari za mabomba ya maji kutoka mjini mpaka kijijini.

Stanka akasema, “Radko, sema, mkono wake unachoka.”

Ukaunyoosha mkono mmoja nyuma ukagusa gome. Basi. 

Shoka lako ulilinoa vizuri na lilikuwa zito kwa maji. Nikasikia mtu anasema, “Usiukate. Mimi naudhamini. Mwaka huu utazaa.” Nikageuka nimwone ni nani. Bibi Dimana alikuwa kwenye uzio anamenya yai. Stanka amejiziba mdomo kwa aproni. Ilikuwa sauti ya Mama, na ilikuwa inatoka kwangu, na kwa hasira.

Sasa fikiria hali yangu. Nimesafiri siku nzima na usiku wake na siku nyingine, nimeinua shoka mbele ya mashahidi, na nimejizuia mwenyewe. Huwezi kulishusha hivihivi. Nikakuacha pale umekumbatia mti wako, nikaenda bandani, nikaitoa ngazi ile ya Baba. Ulikuwa umeihifadhi, Radko, umeitundika kwenye misumari miwili, safi kabisa. Niliilaza kwenye gogo nikaikatakata mpaka vidato vyote vikawa kuni.

“Wifi,” Stanka akasema, “hiyo ilikuwa ngazi nzuri.”

Nikamwambia ndiyo maana.

Nailoni niliitoa mimi. Karatasi sikuigusa. Usiku ule ilinyesha, nililala nasikiliza, asubuhi tulikunywa kahawa tukitazama upande wa pili. Lakini niliona umeona kwamba hapakuwa na kitu pale isipokuwa misumari minne.

Kuhusu kreti, nilimuuliza Bibi Dimana nilipokwenda kumuaga. Hakumbuki kreti. Anakumbuka kwamba kwenye mazishi ya Baba alipewa peari yenye tundu la msumari katikati, akajiuliza ni mjinga gani anapigilia matunda. Basi nikaamini. Si wewe niliyekuamini, nimeuamini ufundi wako.

Usidhani nimeusamehe mti. Kumdhamini mtu si kumpenda. Nimeupa mwaka mmoja, uambie, na usiuambie kwa upole. Wala usiniandikie habari zake mpaka kuwe na habari. Sitaki kusikia kila jani.

Zlatina


Dolni Vir, Jumapili 31 Agosti 2003

Dada yangu Zlatina,

Umeandika mara mbili kuuliza kwa nini nimenyamaza, na mara zote mbili ukasema hutaki kujua. Nimetii maneno yako, sikutii sauti yako. Sisi wazima. Stanka sasa anakuja kila wikiendi. Anasema ni kwa sababu ya joto la mjini, nami sikumbishii, mtu ukimbishia Stanka anarudi mjini kukuthibitishia. Mkate mtamu amemwokea tena bibi yako, atauleta dereva. Mwambie Vesko kwamba nilichomshauri kuhusu matairi nilikisikia kwa mtu, asifuate.

Kwanza nakanusha. Sikulia siku ile. Ulikuwa ni moshi wa Bibi Dimana, aliyekuwa anachoma majani. Bibi Dimana anasema hakuchoma majani. Ana umri mkubwa.

Sasa habari.

Mwanzoni mwa Mei maua yalipukutika nikasema basi, ndivyo ulivyo. Mwishoni mwa Mei nikaona vitunda vya kijani vimebaki. Sikukwambia. Juni vikavimba, nusu vikaanguka, nikamwambia Stanka, “Umeona.” Akasema kila mti unapunguza mzigo, hata yeye angepunguza kama angejua pa kuanzia. Sikukwambia. Julai ilinyesha mvua ya mawe, nikatoka nje na mwavuli nikausimamia mti, yaani tawi moja la chini, ambalo ndilo mwavuli uliweza kufika. Bibi Dimana aliniona. Kijiji kizima sasa kinajua.

Zimebaki. Hazikuwa nyingi kama za Baba, lakini ukisimama langoni unaziona bila kutafuta.

Sasa tatizo likawa kuzichuma, kwa kuwa kuna mtu alikatakata ngazi. Mwenzangu wa ofisini akasema ana ngazi ya alumini, nyepesi, ataileta na gari. Nikamwambia asante, hapana. Akafikiri sikuelewa, akanieleza tena faida za alumini. Nikamwambia ngazi yoyote itakayoingia ua huu itatoka ikiwa kuni, na kama ni ya alumini tutaona itatokaje. Hanisalimii sana siku hizi. Bibi Dimana naye akaleta fimbo ndefu yenye kopo mbele, nikajaribu, nikajimwagia kiota cha nyigu. Jicho moja bado halifunguki vizuri. Ukiona mwandiko umepanda juu, ni upande huo.

Basi jana nikaacha. Nikatoa kiti, nikaketi chini ya mti na kahawa, bila mpango. Stanka alikuwa anamenya pilipili mlangoni. Hapakuwa na upepo. Nikasikia kitu kimedondoka kwenye nyasi nyuma yangu. Nikadhani paka. Nikageuka, ni peari, imepasuka kidogo ubavuni, nyigu mmoja ameshafika. Nikaiokota. Sijamaliza kuifuta, ikaanguka nyingine karibu na bomba. Halafu kimya kirefu. Halafu mbili pamoja. Kileleni kwezi walikuwa wanadonoa, wanagombana, na kila wakigombana wananiangushia moja.

Nilikaa mpaka jua likaingia nyuma ya kanisa. Stanka alikuja akasimama na kisu mkononi, akasikiliza naye.

“Zinaanguka zenyewe,” nikamwambia.

“Ni matunda, Radko,” akasema. “Ulidhani yanafanyaje?”

Lakini mimi sikujua, dada. Nakuapia, katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kungoja mpaka ajue. Kila mwaka Baba alikuwa juu kabla hazijalegea, nasi chini tumeshika ndoo na tumeinua nyuso.

Nyingi zinapasuka zikifika chini. Hazifai kwa kreti, hazifai kwa basi, keshokutwa zitakuwa rojo. Kwa hiyo sikutumii hata moja, na usimwambie Vesko apitie kuzichukua. Zinaliwa hapa, siku ileile, kwa mkono, na michubuko yake. Mwakani mwishoni mwa Agosti kiti chako kitakuwa nje tangu Ijumaa.

Radko